Siku Kitanda Changu Kilipokuwa Kochi

Mume wangu Anastazi alikuwa na desturi ya kusimama mlangoni kabla ya kuingia nyumbani kwake mwenyewe. Alisimama pale kama mgeni, jembe begani, akisubiri macho yazoee giza la ndani, maana asubuhi alipotoka kiti kilikuwa upande wa dirisha na hakuwa na hakika kama jioni angekikuta huko. Siku moja aliwahi kuingia bila kutazama, akakaa mahali alipozoea kukaa, akakuta kinu. Tangu hapo akawa anasimama kwanza.

Mimi nikiwa na wasiwasi nahamisha vitu. Wako wanawake ambao wakiwa na wasiwasi wanasali rozari, na wako wanaogombana na waume zao. Mimi nasali rozari huku nasukuma kabati. Nadhani ugonjwa huu ulinipata mwaka wa Operesheni, tulipotolewa kwenye migomba yetu kule bondeni tukaletwa kwenye nyumba za mstari za kijiji, hapa Kasulo. Lori lilikuja asubuhi, vijana wakatoa kila kitu nje na kukiweka kwenye nyasi. Sikuwahi kuviona vitu vyangu vyote nje kwa wakati mmoja. Nilishangaa kuona ni vichache namna ile, na nikashangaa zaidi kuona kwamba hakuna hata kimoja kisichobebeka. Kabla ya hapo nilidhani kabati limeota pale lilipokuwa, kama mgomba.

Vita vya Kagera vilipoanza hali yangu ilizidi. Huku Ngara hatukusikia mizinga, tulisikia redio. Redio ikisema hivi, nilisogeza meza; ikisema vile, nilibadilisha upande wa mtungi wa maji. Siku walipotangaza kwamba askari wetu wamevuka mpaka, nilipindua nyumba nzima. Anastazi alikuja, akasimama mlangoni, akatazama, akasema kwamba hata askari hupewa siku ya kupumzika ila kabati lake bado liko mstari wa mbele. Anastazi ni mtu wa maneno machache. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na watu walimpenda kwa sababu hiyo: kesi zilikwisha mapema.

Basi vita vikaelekea kwisha, na mimi nikapata wasiwasi mwingine.

Binti yetu Deodata, ambaye ndiye pekee aliyekuwa amebaki nyumbani, tulimtuma Biharamulo kumwuguza shangazi yake hospitalini. Shangazi akapona, Deodata akarudi, na mimi mama yake nikaona mara moja kwamba aliyerudi si yule niliyemtuma. Alikwenda kuteka maji bila kuambiwa. Aliimba nyimbo za kanisani lakini kwa mwendo ambao padre asingeukubali. Nilimchunguza juma zima bila kumwuliza, na hatimaye shangazi yake akatuma habari kwamba kuna kijana wa Kaniha anaitwa Privatus, mgambo, aliyerudishwa kutoka vitani na jeraha la mguu, na kwamba wazee wake wanaomba siku ya kuja.

Anastazi alisikiliza habari hiyo mpaka mwisho. Kisha akasema Kaniha ni mbali. Akasema watu wa kule wana lugha yao. Akasema mguu ulioumia haulimi, hata kama umeumizwa vitani. Wageni atawapokea, kwa sababu mgeni hafukuzwi, atawapa pombe, atawasikiliza, halafu atawaambia mtoto bado mdogo, warudi baada ya mavuno. Na baada ya mavuno atawaambia vilevile.

Deodata alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jiko akisikia. Hakulia wala hakumjibu baba yake. Aliacha tu kuimba, na chakula akawa anakigeuza kwenye sahani mpaka kinapoa. Mimi najua mtoto wangu akinyamaza hivyo ni kwamba ameumia hasa. Na najua pia mume wangu: neno akishalisema mbele ya watu halirudi. Kwa hiyo neno hilo lilitakiwa lisitoke kabisa, na sikuwa na njia ya kulizuia. Kumbembeleza Anastazi ni sawa na kubembeleza nguzo. Nilichokuwa nacho ni nyumba.

Nilifikiri hivi, na mnicheke mkipenda. Wageni wakiingia nyumba mbaya, wakakaa vibaya, wataongea kwa dharau kidogo, na Anastazi atapata nafasi ya kukasirika na kukataa upesi. Lakini wakiingia nyumba nzuri, wakakaa vizuri, wataongea kwa heshima, pombe itakwenda taratibu, na mtu aliyeheshimiwa nyumbani kwake huona haya kukataa. Ndivyo nilivyopanga. Elimu yangu ni darasa la nne, lakini mipango yangu ni ya wizara.

Kununua kitu kulikuwa hakupo. Katika duka la ushirika palikuwa na chumvi na viberiti, halafu pakawa na chumvi peke yake. Sabuni ilikuja kwa mgawo, na kitambaa tulikuwa tunakisikia tu kama habari za ng'ambo. Rangi ya ukuta hata muuza duka mwenyewe alikuwa ameisahau. Ikabidi nyumba niifanye upya kwa vitu vilevile vilivyoifanya kuwa kuukuu.

Nilichimba udongo mweupe kule mtoni nikapaka ukuta wa mbele. Sakafu niliikandika kwa samadi ya ng'ombe na majivu. Kalenda ya misioni ilikuwa ya mwaka wa nyuma sana, lakini picha ya Bikira Maria bado ilikuwa safi, kwa hiyo nilikunja tarehe zikaenda nyuma, akabaki Bikira Maria bila mwaka. Kabati mlango wake ulikuwa umepasuka, nikaligeuza mlango uelekee ukutani. Likapendeza mno, ubao mtupu mzima bila ufa. Nilipomaliza kulisifu ndipo nikakumbuka kwamba sahani zote zilikuwa ndani.

Shida kubwa ilikuwa viti. Tulikuwa na viti vitatu na kigoda, na wageni wangekuwa wazee watatu pamoja na shangazi wa kijana. Jirani yangu Speciosa alikuwa na viti sita vizuri, lakini viti vya Speciosa haviazimwi hivihivi. Mwaka wa nyuma alimwazima Marsiana siku ya kipaimara cha mwanawe, na mpaka leo anahadithia nani alikaa wapi, kana kwamba watu walikaa kwenye mapaja yake. Sikutaka posa ya binti yangu ihesabiwe kuwa ya Speciosa.

Sasa, kule zahanati kulikuwa na mganga mgeni aliyekuja na kochi. Nililiona siku nilipopeleka kikohozi changu. Lilikuwa refu, lina mgongo, limetandikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na mtu akikaa pale anaonekana kama ana mshahara. Niliondoka pale na dawa ya kikohozi na ugonjwa mpya. Siku ile ya kutafuta viti, nikiwa nimesimama chumbani na wasiwasi wangu, nikakitazama kitanda chetu. Nikakitazama tena. Kitanda ni nini, ila kochi ambalo halijaegemezwa ukutani?

Nilikivuta hadi sebuleni. Kilikuwa kitanda cha miti, kilichosukwa kwa kamba za katani, kizito kama dhambi, na nilikivuta peke yangu. Nikakiegemeza kwenye ukuta mweupe. Godoro la nyasi nililikunja nusu likawa mgongo. Juu yake nikatandika blanketi jekundu, na juu ya blanketi vitambaa vyangu viwili vya kufuma vya siku ya harusi yangu. Nikarudi nyuma hatua kadhaa. Kwa kweli lilikuwa kochi.

Speciosa alikuja kuazima moto, ingawa moshi wa jiko lake nilikuwa nauona. Akasimama, akainamisha kichwa.

"Hiki si kitanda chenu, mama Deo?"

"Ni kochi."

"Jana nimeona godoro lake limeanikwa juani."

"Jana kilikuwa kitanda."

Akazunguka, akachungulia chini ya blanketi kama anayekagua ng'ombe, akaniuliza nani atakaa pale. Nikamwambia ni shangazi wa kijana, mwanamke mwenzangu, hana neno. Akauliza je, kijana mwenyewe? Nikamwambia kijana haji. Na hapa lazima nieleze kwa asiyejua. Kwetu, na kwa watu wa Kaniha zaidi, mkwe na mama mkwe wake hawatazamani uso. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Na katika vitu vyote vya mama mkwe, kitu ambacho mkwe hagusi kamwe, wala hakaribii, ni kitanda chake. Kukikalia ni jambo ambalo watu hawalitaji mbele ya watoto. Lakini kijana hafuatani na wazee siku ya kwanza ya posa. Yeye hukaa kwao akisubiri jibu. Kwa hiyo nilikuwa salama. Speciosa akasema haya, akaenda zake, moto akausahau.

Siku yenyewe Anastazi alitoka mapema kwenda shamba la kijiji, akarudi muda mfupi tu kabla ya wageni. Akasimama mlangoni kama kawaida yake. Akatazama ukuta, akamtazama Bikira Maria, akalitazama kochi. Nikamwambia hilo ni kochi. Hakuuliza limetoka wapi. Alikuwa ameshaacha kuniuliza maswali ya namna hiyo siku nyingi. Akaenda kunawa miguu. Mtu aliyelala juu ya kile kitanda tangu tulipooana hakukitambua, na mimi kwa ujinga wangu nikaona fahari.

Mama wa binti haonekani wageni wa posa wakifika. Nilijificha chumbani, ambako sasa hakukuwa na kitu ila alama za miguu ya kitanda, nikasimama nyuma ya khanga iliyokuwa pazia la mlango. Khanga hiyo ilikuwa na tundu, na tundu hilo nilikuwa nimelipanga lielekee sebuleni. Deodata alikuwa jikoni nje.

Wakaja. Mbele mzee Bonaventura, baba mkubwa wa kijana, mrefu, kofia mkononi. Nyuma yake wazee wawili ambao siku nzima hawakusema kitu zaidi ya kushukuru. Kisha shangazi, Josefina, mama mnene mwenye uso wa kucheka. Na nyuma ya Josefina, akiegemea fimbo, kijana katika shati la mgambo.

Nilishika ukuta. Bonaventura aliomba radhi hapohapo kwa Anastazi. Magari yalikuwa hakuna, alisema, isipokuwa lori la serikali, na dereva alikataa kuchukua raia. Akakubali kumchukua majeruhi wa vita, na wazee wakapanda kama mizigo ya majeruhi. Bila kijana wasingefika. Kijana mwenyewe angekaa nje, asingesumbua mtu.

Ni desturi nzuri, na kama Anastazi angenyamaza ingefuatwa. Lakini yule mume wangu wa maneno machache siku ile aliamua kuwa mkarimu. Nadhani kwa kuwa alikwishapanga kuwakatalia, aliona awape hata mahali pa kukaa. Wazee wakakaa vitini, yeye kwenye kigoda, Josefina akajitupa kwenye kochi upande mmoja akalisifu ulaini wake. Na Anastazi akasema kijana asisimame juani na mguu ule, aingie, akae kochini pale kando ya shangazi yake.

Josefina akapigapiga blanketi langu jekundu kwa kiganja. "Njoo hapa, baba. Ni laini."

Nikakohoa. Bonaventura akageuza kichwa kidogo, na Josefina akasema pole kwa mama, msimu huu vifua vinasumbua. Nikakohoa zaidi. Wakanipa pole zaidi. Privatus alikuwa ameshafika kochini, akageuka, akatoa mgongo, na kwa sababu ya mguu wake akaanza kushuka polepole, fimbo mbele, kama mzee anayeingia mtoni.

Upole wa kushuka kwake ulinipa nafasi ya kuwaza, na sijui kama nashukuru. Niliwaza kwamba hakuna anayejua ila mimi na Speciosa. Nikinyamaza ataketi, watakunywa, wataondoka, kitanda kitarudi chumbani. Kisha nikawaza Deodata akiolewa, akizaa, mtoto akipata homa, na mimi nikiwa pale pembeni ninajua. Kila kikohozi cha mjukuu ningekitafutia sababu chini ya lile blanketi. Mimi ninayehamisha kabati kwa sababu ya redio, ningehamisha nini kwa jambo kama hilo? Ningebomoa nyumba.

Nikatoka. Ningependa kusema nilitoka kwa heshima. Nilitoka na pazia; sikulifungua, nilipita nalo, likaja juu ya kichwa changu lote pamoja na kamba yake. Sikuona kitu. Nilikwenda kwa kukumbuka tu mahali nilipokiweka kitanda, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kilikuwa pale nilipokiacha. Nikakaa kwa kishindo, katikati ya Josefina na mahali pa kijana, hata kamba za katani zikalia.

Nilisikia fimbo ikianguka. Nilisikia mguu mmoja ukiruka kuelekea mlangoni, puu, puu, puu, ukatoka nje. Privatus alikuwa amenijua bila kuniona uso. Baadaye waliniambia alikwenda kusimama ukutani nje, akageukia migomba.

Chini ya pazia langu nilikuwa natazama magoti yangu.

"Mama Deodata," Anastazi akasema, "una nini?"

"Hiki ni kitanda."

"Kitanda cha nani?"

"Chako."

Kwanza nilihisi mtikisiko. Nikadhani ni mimi natetemeka, kumbe ni Josefina aliyekuwa anacheka bila sauti, na kwa unene wake kitanda chote kikawa kinakwenda naye. Wale wazee wawili wakakohoa, sasa ilikuwa zamu yao. Nilingoja ardhi inimeze nikawa najiambia, umewaharibia, umemharibia mtoto wako kwa mikono yako miwili.

Bonaventura peke yake hakucheka. Aliomba ruhusa ya kuuliza.

"Balozi, huyu kijana wetu ni nani katika nyumba hii?"

"Ni mgeni," Anastazi akasema.

"Mgeni akikaa kitandani kwa wenyeji, kuna ubaya?"

Anastazi akafikiri kama anavyofikiri kwenye kesi. "Hakuna."

"Hata mimi naona hakuna. Akichoka angeweza hata kulala. Kitanda hicho amekatazwa mkwe tu. Sasa mama amekimbia namna hii, na pazia kichwani, amekimbia kumzuia nani? Sisi tumetoka Kaniha kuja kuuliza. Hatujafungua mdomo, naona tumeshajibiwa."

"Huyu ana haraka," Anastazi akasema. "Siku zote anahamisha vitu."

"Basi amehamisha na hili," akasema Bonaventura.

Nilijua yanayofuata. Anastazi alivuta pumzi ile anayovuta kabla ya hukumu, na hukumu nilikuwa naijua: mtoto bado mdogo, warudi baada ya mavuno. Na mimi, ambaye sikutakiwa hata kuonekana, nikasikia sauti yangu inatoka ndani ya khanga.

"Baba Deo, kama si mkwe, mwite ndani aje akae hapa. Mimi nitaondoka."

Nilipenyeza jicho kwenye tundu la khanga, maana lilikuwa bado linafanya kazi. Anastazi alikuwa anatazama mlangoni. Kutoka pale alipokaa aliweza kumwona kijana nje, amesimama kwa mguu mmoja, mkono ukutani kwenye udongo mweupe ambao ulikuwa haujakauka vizuri, amegeuza uso kama desturi inavyotaka, bila fimbo, bila mtu aliyemwambia afanye hivyo. Kumwita lilikuwa neno moja tu. Anastazi ana maneno machache lakini hilo alikuwa nalo.

Akainuka. Akaokota fimbo. Kwa mkono mwingine akachukua kigoda alichokuwa amekikalia, akatoka navyo. Nikasikia kigoda kikiwekwa chini, na Anastazi akimwambia kijana akae, ila aendelee kutazama migomba. Kisha akarudi ndani, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine, akaja akaketi kitandani upande wangu wa pili. Akamwambia Bonaventura aseme aliyotumwa, wasikilizane.

Josefina akanifinya mkono kwa furaha mpaka nikaumia.

Kabla Bonaventura hajaanza, sauti ikaja kutoka nje, kupitia ukutani, ya mtu anayesema na migomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," nikajibu, kwenye pazia langu.

Deodata akaleta pombe, macho chini, na sikuthubutu kumtazama nikaona uso wake ulivyo. Wazee wakaongea. Ilinibidi nibaki palepale, nimefunikwa kama mtungi, kwa sababu kurudi chumbani kulihitaji kupita mbele ya mlango, na mkwe wangu alikuwa nje ya mlango. Nilikaa mpaka pombe ilipokwisha, na watu wa Kaniha hawanywi kwa haraka.